Jinsi ya kusoma databesi chuoni ukaielewa kweli: anza na daftari la kikoba

Wanafunzi wengi wa IT na sayansi ya kompyuta wanamaliza kozi ya databesi wakiwa na B yao safi kabisa, lakini mwambie mmoja wao akutengenezee databesi ya duka la dawa la mtaani, anakwama dakika ya kwanza. Shida sio SQL, lugha ya kuiuliza na kuiamuru databesi, maana SQL yenyewe ni rahisi kuliko lugha nyingi mtakazofundishwa hapo chuoni. Shida ni kwamba semista nzima mtu amekariri ule mfano wa mwanafunzi, kozi na lekchara uliopo kwenye slaidi za kila chuo, mfano ambao kuna mtu alishautatua zamani, kwa hiyo hajawahi kukaa mwenyewe na taarifa zilizovurugika akaamua nini kiwe tebo (jedwali), nini kiwe kolamu (safu ya jedwali) na nini kisiwekwe kabisa.

Kwa hiyo mwongozo huu unaenda na kitu kimoja tu mwanzo mpaka mwisho, daftari la kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba kwa hisa na kukopeshana. Nimechagua kikoba kwa sababu kipo kila mtaa, kina pesa, kina sheria zake, kina watu wanaoingia na kutoka, na makosa yake yanaonekana haraka maana hesabu zisipokubali watu wanagombana. Ukiweza kukiweka kikoba kwenye databesi vizuri basi maktaba, zahanati, SACCOS na stendi ya mabasi hazitakusumbua.

Hatua ya 1: Pata daftari lenyewe, na upate kwa ruhusa

Nenda kwa mama, shangazi, jirani, yeyote aliye katibu au mweka hazina wa kikoba, muombe akuonyeshe daftari linavyojazwa. Usipige picha majina na namba za watu ukaondoka nazo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019, na mwanafunzi anayesomea kutunza taarifa za watu inabidi aanze kuziheshimu akiwa bado darasani. Chukua muundo wa ukurasa tu, majina na namba utatunga mwenyewe.

Ukurasa mmoja wa kikao mara nyingi unakuwa hivi: tarehe juu, halafu mstari wa kila mtu. Zainabu, hisa 3, rejesho 50,000, faini 1,000 kachelewa. Mstari unaofuata, Rehema, hisa 5, amechukua mkopo 300,000, wadhamini Zainabu na Mwajuma. Pembeni kuna maneno kwa kalamu nyekundu, "mfuko wa jamii wote wametoa kasoro Mwajuma". Ukurasa huo mmoja una tebo kama nane hivi ndani yake na kazi yako ni kuzitoa.

Uliza pia maswali ambayo daftari haliyajibu. Mtu anaweza kukopa mara mbili kabla hajamaliza? Mkopo mwisho mara ngapi ya akiba yake, maana vikundi vingi wanaweka mara tatu? Mtu akifariki au akihama hisa zake zinaenda wapi? Bei ya hisa inabadilika mwaka kwa mwaka? Haya majibu ndo yanaamua ramani yako itakavyokaa, na lekchara akikuuliza mbona umefanya hivi, jibu lako litakuwa "kikundi wanafanya hivi", na hilo ni jibu lenye nguvu.

Hatua ya 2: Andika sentensi kabla hujachora chochote

Usifungue laptopu bado. Chukua karatasi uandike sheria za kikoba kwa Kiswahili cha kawaida, sentensi moja moja, na kila sentensi isome pande zote mbili. Mwanachama mmoja anaweza kuchukua mikopo mingi. Mkopo mmoja ni wa mwanachama mmoja tu. Mkopo mmoja una wadhamini wengi. Mwanachama mmoja anaweza kudhamini mikopo mingi. Kikao kimoja kipo kwenye mzunguko mmoja (mwaka wa kikoba), mzunguko mmoja una vikao vingi.

Hizo sentensi ndo ERD yenyewe, yaani mchoro wa tebo na uhusiano wake, kuchora ni kuhamisha tu. Ukiona "mmoja" upande mmoja na "wengi" upande wa pili, basi foreni kii, kolamu inayotaja mstari wa tebo nyingine, itakaa upande wa wengi. Ukiona "wengi" pande zote mbili, kama kwa wadhamini, lazima izaliwe tebo ya katikati. Anayeshika hili moja hatapata shida kwenye swali la ERD la mtihani, na anayelikosa atakuwa anabahatisha wapi pa kuweka foreni kii mpaka anamaliza chuo.

Hatua ya 3: Chora ERD

Michoro ipo mitindo miwili mikubwa. Wa kwanza una almasi na duara za mviringo, unatokana na kazi ya Peter Chen ya mwaka 1976. Wa pili unaitwa mguu wa kunguru, mistari yake ina vidole vitatu upande wa wengi, na huko makazini huu ndo unaonekana zaidi. Muulize lekchara wako anataka upi, maana kuna watu wanapoteza alama kwa kuchanganya yote miwili kwenye karatasi moja.

Kwa kikoba chetu utapata wanachama, mizunguko, vikao, manunuzi_hisa, mikopo, wadhamini, marejesho na faini, na kama mfuko wa jamii unachangiwa kila kikao utaongeza na michango. Angalia vizuri kwamba "salio" haipo kwenye orodha. Salio la mkopo linatokana na mkopo toa marejesho, linakokotolewa, haliandikwi. Ukiliandika sehemu moja na marejesho sehemu nyingine, siku moja vitatofautiana na hutajua kipi ni kweli. Mifumo mikubwa inaandika salio kwa sababu ya kasi na ina njia za kulilinda, wewe mwanafunzi usianzie huko.

Hatua ya 4: Geuza mchoro kuwa tebo, hapa usikimbilie

Praimari kii kwanza, yaani kolamu inayotofautisha kila mstari na mwingine. Watu wengi wanataka kutumia namba ya simu kumtambua mwanachama. Usifanye hivyo. Watu wanabadilisha laini, wengine mama na binti wanatumia simu moja, na namba ikibadilika itabidi ibadilike kila tebo inayomtaja. Weka mwanachama_id, namba tupu isiyo na maana yoyote nje ya databesi, halafu simu iwe kolamu ya kawaida.

Simu hiyo iwe maandishi, VARCHAR, sio INT ambayo ni namba kamili. Ukiiweka INT ile sifuri ya mwanzo inapotea, 0712 inakuwa 712, na hakuna siku utajumlisha namba za simu. Namba ya NIDA nayo hivyo hivyo, ina tarakimu 20, haiingii hata kwenye BIGINT, aina ya namba kamili kubwa.

Pesa iwe DECIMAL, kamwe isiwe FLOAT. FLOAT haiwezi kushika desimali nyingi kwa usahihi, jumlisha 0.1 na 0.2 kwenye lugha nyingi za programu utaona inakuja 0.30000000000000004. Kwenye riba ya asilimia za watu 30 kwa mwaka mzima hicho kidogo kinakua, na mweka hazina ndo atakayeulizwa.

Majina nayo, tenga la kwanza, la kati na la mwisho, lakini la kati liruhusu kuwa tupu maana sio kila mtu ana majina matatu.

Sasa tuandike tebo moja kamili:

CREATE TABLE manunuzi_hisa (
  kikao_id INT NOT NULL,
  mwanachama_id INT NOT NULL,
  idadi INT NOT NULL CHECK (idadi BETWEEN 1 AND 5),
  PRIMARY KEY (kikao_id, mwanachama_id),
  FOREIGN KEY (kikao_id) REFERENCES vikao (kikao_id),
  FOREIGN KEY (mwanachama_id) REFERENCES wanachama (mwanachama_id)
);

Isome taratibu. Praimari kii ina kolamu mbili, maana yake mtu mmoja hawezi kuandikwa mara mbili kwenye kikao kimoja, databesi yenyewe inakataa. Ile CHECK inasema hisa ni 1 mpaka 5, sheria ya kikundi imeingia ndani ya tebo. Foreni kii zinazuia mtu asiyekuwepo kununua hisa. Yaani sheria za kikoba sasa zinalindwa hata kama aliyeandika programu ya juu amelala, na huu ndo uzuri wa databesi unaonifanya niipende kuliko kozi zingine zote.

Tahadhari moja kwa mnaotumia MySQL 8: ukiandika REFERENCES pembeni ya kolamu, bila ule mstari wa FOREIGN KEY wa chini, inapokea kimya kimya na haifanyi chochote. Na matoleo ya kabla ya 8.0.16 yalikuwa yanasoma CHECK na kuipuuza. Kwa hiyo ukishaunda tebo, jaribu kuivunja makusudi: ingiza hisa 9, ingiza mwanachama namba 9999. Ikikubali ujue ulinzi haupo.

Hatua ya 5: Nomalaizesheni, bila kukariri

Nomalaizesheni ni kupanga tebo ngazi kwa ngazi ili kitu kimoja kiandikwe sehemu moja. Hapa ndo watu wengi wanapata sapu, na kweli ngazi zake zinakaririka vibaya. Edgar Codd wa IBM alitoa wazo la kuweka data kwenye majedwali mwaka 1970, na ngazi hizi zilifuata baadaye kwa ajili ya shida moja tu, kitu kimoja kuandikwa sehemu nyingi halafu kikabadilika sehemu moja. Ukishika shida hiyo ngazi zinajieleza.

Ngazi ya kwanza: kwenye daftari kolamu ya wadhamini imeandikwa "Zainabu, Mwajuma". Vitu viwili ndani ya chumba kimoja. Ukitaka kujua Mwajuma amedhamini mikopo mingapi utaanza kutafuta herufi ndani ya maandishi. Toa, weka tebo ya wadhamini, mstari mmoja mdhamini mmoja.

Ngazi ya pili: tuseme kwenye manunuzi_hisa umeongeza kolamu ya simu. Praimari kii ni kikao na mwanachama kwa pamoja, lakini simu haihusiani na kikao, inamtegemea mwanachama peke yake, nusu ya ufunguo. Mtu akihudhuria vikao 40 simu yake imeandikwa mara 40. Irudishe kwa wanachama.

Ngazi ya tatu: kwenye vikao umeweka kikao_id, mzunguko_id, tarehe na bei_ya_hisa. Bei haitokani na kikao moja kwa moja, inatokana na mzunguko, na mzunguko ndo unatokana na kikao. Inapita kwa jirani. Ihamishie mizunguko. Mwakani bei ikipanda kutoka 5,000 kwenda 10,000 unaingiza mzunguko mpya na hesabu za mwaka jana haziguswi.

Kwa mtihani jua na BCNF (ngazi kali kidogo kuliko ya tatu), lakini kwa mradi ukifika ngazi ya tatu umefika pazuri. Kwenye mtihani chora mishale kwanza, nini kinaamua nini, kabla hujataja ngazi yoyote, maana alama nyingi ziko kwenye mishale.

Hatua ya 6: Sasa weka programu

Kama chuo hakijalazimisha, mimi nasema PostgreSQL, ni ya bure na ni kali kwenye kulinda sheria ulizoweka, ukikosea inakwambia. XAMPP ni nyepesi kuanza nayo kwa wanaofanya PHP, ila ujue ndani yake siku hizi kuna MariaDB na sio MySQL, zinafanana sana lakini sio kitu kimoja. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, usimalize bando lako kwa faili za mamia ya megabaiti.

Huna laptopu? Weka Termux kwenye simu ya Android, andika pkg install sqlite na unaanza kazi. SQLite databesi nzima ni faili moja tu, unaweza kujifunza SELECT (kuchagua data) na JOIN (kuunganisha tebo) zote ukiwa kwenye daladala. Kumbuka tu kuandika PRAGMA foreign_keys = ON kila ukiifungua, bila hivyo foreni kii hazifanyi kazi.

Na kila kitu unachounda kiandike kwenye faili la .sql, usibonyeze bonyeze tu kwenye phpMyAdmin. Kwa faili hilo unaweza kufuta databesi yote na kuijenga upya kwa sekunde, na utafanya hivyo mara nyingi.

Hatua ya 7: Kweri (maswali unayoiuliza databesi), na mtego wa JOIN

Kabla ya kuandika SELECT jua inavyosomwa na mashine: inaanza FROM na JOIN, halafu WHERE, halafu GROUP BY, halafu HAVING, ndo inakuja SELECT, mwisho ORDER BY. WHERE inachuja mistari, GROUP BY inaikusanya makundi, HAVING inachuja makundi hayo. Ukijua mpangilio huo utaelewa kwa nini WHERE haikubali SUM (jumla) ndani yake na HAVING inakubali. Jaza data kidogo ambayo unaweza kuihesabu kwa mkono, watu watano, vikao vitatu, basi. Ukiwa na mistari elfu huwezi kujua kama jibu ni sahihi.

Sasa angalia huu mtego maana unawanasa hata walioajiriwa. Rehema ana mkopo wa 300,000, tuache riba kwanza. Amerejesha mara tatu, 50,000 kila mara, kwa hiyo amelipa 150,000 na anadaiwa 150,000. Ana wadhamini wawili. Mtu anataka ripoti moja yenye mkopo, marejesho na wadhamini, anaunganisha tebo zote tatu kwa JOIN halafu anajumlisha marejesho. Jibu linakuja 300,000. Deni sifuri! Rehema kamaliza!

Kilichotokea ni kwamba kila rejesho limekutana na kila mdhamini, 3 mara 2 ni mistari 6, na 50,000 mara 6 ni 300,000. Hakuna ujumbe wa kosa, kweri imekimbia vizuri, na kikundi kimepoteza 150,000. Ndo maana nasema data kidogo ya kuhesabu kwa mkono. Njia sahihi ni kujumlisha marejesho peke yake kwanza:

SELECT m.mkopo_id, m.kiasi - COALESCE(SUM(r.kiasi), 0) AS deni
FROM mikopo m
LEFT JOIN marejesho r ON r.mkopo_id = m.mkopo_id
GROUP BY m.mkopo_id, m.kiasi;

LEFT JOIN ipo ili ambaye hajarejesha hata shilingi naye aonekane, maana ukiweka JOIN ya kawaida wadaiwa sugu ndo wanapotea kwenye ripoti. COALESCE inageuza utupu (NULL) kuwa sifuri, kwa sababu namba yoyote ukiitoa NULL inakuwa NULL. Majina ya wadhamini yalete kwa kweri nyingine.

NULL ina kisa kingine. Kutafuta ambao hawajawahi kukopa wengi wanaandika NOT IN, na ikitokea kwenye ile orodha ya ndani kuna NULL moja tu, jibu linakuja tupu kabisa. Tumia NOT EXISTS.

Hatua ya 8: Muamala na indeksi

Muamala ni kazi inayokubaliwa yote au kukataliwa yote, ufanyie jaribio kwa macho. Fungua madirisha mawili ya psql au mysql. La kwanza andika START TRANSACTION, ingiza mkopo mpya, usiandike COMMIT (amri ya kuthibitisha). La pili andika SELECT kwenye mikopo, mkopo haupo. Rudi la kwanza andika COMMIT, SELECT tena la pili, umetokea. Rudia tena ila safari hii lifunge dirisha la kwanza kwa nguvu kabla ya COMMIT, kama umeme umekatika. Mkopo hautakuwepo. Ukishaona hivyo, herufi za ACID (sifa nne za muamala: atomicity, consistency, isolation, durability) utaeleza kwa maneno yako.

Indeksi ni kama faharasa ya kitabu, inasaidia kutafuta haraka, na kuiona inataka data nyingi. Kwenye PostgreSQL tumia generate_series kutengeneza wanachama 500,000 wa uongo kwenye databesi ya pembeni, tafuta simu moja kwa EXPLAIN ANALYZE, utaona Seq Scan, yaani imepitia tebo nzima. Weka CREATE INDEX kwenye simu, rudia, itabadilika kuwa Index Scan na muda utashuka sana. Usiweke indeksi kila kolamu kwa sababu kila INSERT inabidi izisasishe zote. Na PostgreSQL haiweki indeksi yenyewe kwenye foreni kii, InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, inaweka, kwa hiyo kwenye PostgreSQL kumbuka mwenyewe.

Hatua ya 9: Usimamizi, sehemu ambayo watu wanairuka

Mradi wako usiungane na databesi kwa root (mtumiaji mwenye ruhusa zote) isiyo na paswedi. Tengeneza mtumiaji wa programu, mpe kwa GRANT ruhusa ya SELECT, INSERT na UPDATE kwenye tebo anazozihitaji, DROP (kufuta tebo) usimpe. Kwenye PHP au Python usiunganishe maandishi ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya SQL, tumia kweri zilizoandaliwa kwa prepare, vinginevyo mtu anaandika kipande cha SQL kwenye kisanduku cha jina na anasoma data zote.

Bakapu fanya kila wiki kwa pg_dump au mysqldump, faili moja kwenye flashi, lingine kwenye imeili yako. Halafu irudishe bakapu hiyo kwenye databesi mpya uone kama inafunguka, ndo utajua unayo kweli. Laptopu zinaibiwa hosteli kila semista, na kuna watu wanapoteza mradi wa mwaka wa mwisho wiki ya kukusanya.

Hatua ya 10: Siku ya kuwasilisha

Jopo halitakuuliza SELECT ni nini. Litanyoosha kidole kwenye mchoro na kuuliza kwa nini wadhamini ni tebo peke yake, kwa nini hukuweka salio, nini kitatokea mwanachama akifutwa akiwa na deni. Hilo la mwisho liandae vizuri: usiweke ON DELETE CASCADE kwenye mikopo, maana ukimfuta mtu na deni lake linafutika. Acha databesi ikatae, na kwa wanaoondoka weka kolamu ya hali yenye "ameondoka" na tarehe yake.

Nenda na karatasi yako ya sentensi za hatua ya pili, ERD iliyochapishwa, faili la .sql la kuunda, faili la data ndogo na bakapu kwenye flashi. Na kabla ya siku hiyo mpelekee katibu wa kikoba ripoti ya madeni ya data yako ya kutunga aikague kama inahesabu vile daftari lake linavyohesabu, akikuta tofauti rudi hatua ya saba.